Radikali huru, antioksidanti na maradhi yetu: mazungumzo ya Tanga

Mazungumzo haya niliyatoa Tanga mjini mbele ya wagonjwa wa kisukari na presha pamoja na jamaa zao. Baadhi waliniomba niyaandike ili wawasomee wa nyumbani. Nimeyaacha karibu na nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu wote, assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeitwa nizungumzie antioksidanti, yaani vitu vinavyozima radikali huru, ambazo nitazieleza hivi punde. Siku hizi hakuna asiyelisikia jina hilo. Limeandikwa kwenye makopo ya virutubisho, linatajwa redioni, linasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na vijana wanaopita nyumba kwa nyumba Ngamiani na Makorora na mikoba yao wamelikariri vizuri: inaondoa sumu, inashusha sukari, inazuia saratani, inarudisha ujana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni mfamasia. Dirishani kwangu wanafika watu walioacha metformini, dawa yao ya sukari, kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye kopo, na sukari yao ikipimwa inatisha. Hao ni jirani zangu. Kwa ajili yao nimekubali kusimama hapa, na nitawaomba mnivumilie nikiingia kidogo kwenye kemia, maana muuzaji anategemea kwamba kemia hatutaifuatilia.

Chakula tunachokula huunguzwa ndani ya seli, kwenye sehemu ndogo sana ziitwazo mitokondria. Elektroni zinatolewa kwenye chakula, zinapokezanwa hatua kwa hatua, na mwisho wa safari oksijeni inazipokea nne na kuwa maji. Humo ndimo tunamopata nguvu. Lakini elektroni chache huponyoka kabla ya kufika. Oksijeni ikidaka moja tu inageuka superoksidi, nayo ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli ya namna hii haitulii. Inapora elektroni kwa jirani: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Aliyeporwa naye anaweza kugeuka mporaji. Yeyote aliyewahi kuweka korosho muda mrefu anaijua harufu yake zikichacha: mafuta yamekutana na oksijeni, radikali moja imezaa nyingine, mpaka kikapu kizima hakiliki. Mafuta ya seli zetu huharibika kwa kemia hiyo hiyo.

Mwaka 1954 mwanafiziolojia wa Argentina, Rebeca Gerschman, na wenzake waliandika kwamba oksijeni ikizidi huumiza mwili kwa njia ileile inayoumiza miale ya eksirei, yaani kwa radikali huru. Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani akasema huenda hata uzee wenyewe unatokana nazo. Wengi hawakumsadiki. Kilichobadilisha mambo ni ugunduzi wa Joe McCord na Irwin Fridovich mwaka 1969: walikuta kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuimaliza superoksidi. Mimi ugunduzi huo naupa uzito kuliko mingine yote, kwa sababu mwili usingeweka mlinzi wa kudumu dhidi ya kitu kisichokuwepo. Hatimaye, mwaka 1985, Mjerumani Helmut Sies akaieleza hali tunayoiita mkazo wa oksidishaji: uzalishaji wa vioksidishaji, yaani radikali na vitu vingine vinavyopora elektroni, umeishinda nguvu ya ulinzi.

Sasa huo ulinzi. Watu wengi wanadhani antioksidanti ni kitu kinachotoka nje, dukani au shambani. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na vitu tunavyovitengeneza wenyewe. Kimeng'enya cha McCord na Fridovich kinaigeuza superoksidi kuwa peroksidi ya hidrojeni. Kingine kiitwacho katalasi, pamoja na kingine chenye madini ya seleniamu ndani yake, vinaigeuza peroksidi hiyo kuwa maji. Kuna glutathioni, molekuli ndogo ambayo ini na seli nyingine zinaitengeneza kutokana na protini tunazokula. Vitamini E inakaa ndani ya mafuta ya utando, vitamini C inakaa kwenye majimaji, na hizo mbili kweli tunazipata kwenye chakula. Lakini kimeng'enya kimoja kinarudia kazi yake mara mamilioni, na vitamini ikishatoa elektroni yake inabidi irudishiwe nyingine ndipo ifae tena.

Jambo jingine ambalo kopo halilisemi: radikali hizo hizo tunazihitaji. Seli nyeupe ikimmeza bakteria humwagia superoksidi makusudi ili kumuua. Kuna watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo huo, na wanapata usaha na majipu ya ndani yasiyokwisha kwa vimelea ambavyo mtoto mwingine angevimaliza bila hata kujua. Kwa hiyo anayeahidi kuzifagia radikali zote mwilini anaahidi kitu ambacho hatupaswi kukitaka.

Je, radikali zinahusika na maradhi yetu? Zinahusika. Sukari ikikaa juu kwenye damu, mitokondria za mishipa midogo zinazalisha superoksidi kupita kiasi, na hilo lina mkono katika kuharibika kwa macho, figo na neva za miguu. Mafuta ya kolesteroli mbaya yakioksidishwa ndani ya ukuta wa mshipa, seli nyeupe zinayameza mpaka zinajaa, na hapo utando wa mafuta unaanza kujijenga. Moshi wa sigara unaingia na radikali zake tayari, kwa idadi isiyohesabika katika kila pumzi moja. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha ni ndugu yake. Wazee mnaovuta, na mama mnaopikia ndani mlango umefungwa wakati wa mvua, mkiniuliza kwenu mkazo wa oksidishaji unaingilia wapi, nitawaonyesha huo moshi kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini kuhusika si lazima kuwe ndiyo asili ya ugonjwa. Seli ikiumia kwa sababu yoyote ile, radikali huongezeka. Huenda ndizo zilizoanza, au huenda zimefuata nyuma. Kwashiakoo inatufundisha hili vizuri. Watoto waliovimba miguu walipimwa wakakutwa na glutathioni kidogo, na mwaka 1987 Michael Golden na Dan Ramdath, waliofanya kazi Jamaika, wakatoa hoja kwamba kwashiakoo ni ugonjwa wa radikali huru. Hoja ilikuwa nzuri na ilikuwa na vipimo. Basi ikajaribiwa Malawi: watoto 2,372 wa vijijini wa mwaka 1 hadi 4, wengine wakapewa mchanganyiko wa antioksidanti, wenye vitamini E, seleniamu na dawa inayojenga glutathioni, wengine wakapewa unga usio na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Kwashiakoo haikupungua. Glutathioni ilikuwa imeshuka kweli, na kuiongeza hakukuwakinga.

Na hapo ndipo tunaposogea kwenye vidonge vyenyewe. Ilionekana tangu zamani kwamba wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupata saratani kidogo. Wanasayansi wakasema tuichukue ile rangi ya karoti na maembe, betakarotini, tuiweke kwenye kidonge. Ufini wakachukua wanaume wavutaji sigara 29,133. Majibu ya mwaka 1994 yaliushtua ulimwengu wa tiba: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasioimeza. Watu wakadhani ni bahati mbaya. Marekani walikuwa na utafiti wao wa watu 18,314, wavutaji sigara na waliofanya kazi kwenye asibesto, wakiwapa betakarotini pamoja na vitamini A. Waliusimamisha Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa asilimia 28. Baadaye vitamini E ikajaribiwa kwa tezi dume, wanaume 35,533. Mwaka 2011 ikaonekana waliopewa vitamini E pekee, yuniti 400 kwa siku, walikuwa na saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Mwaka 2012 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 78 yenye watu 296,707: vidonge vya antioksidanti havikurefusha maisha, na betakarotini na vitamini E zilielekea kuyafupisha.

Naomba mkae na takwimu hizo kidogo. Vidonge vile havikuwa bandia. Vilitengenezwa kwa uangalifu, vikatolewa na watu wenye nia njema, kwa ajili ya nadharia ambayo kila mtu aliiamini. Nikiliona kopo lisilopimwa na mtu, lenye ahadi kumi ubavuni, nawakumbuka wale wanaume wa Ufini.

Sisi wenyewe Tanzania tunao ushahidi wetu. Dar es Salaam, wajawazito 1,078 wenye VVU, wakati ambapo dawa za kufubaza hazikuwepo kwa watu wa kawaida, walipewa vitamini za aina mbalimbali. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba vitamini B, C na E zilichelewesha ugonjwa: waliofika hatua ya mwisho au kufariki walikuwa asilimia 24.7, dhidi ya 31.1 kwa wasiopewa. Ni faida ya kweli kwa mwili uliopungukiwa, na siidharau hata kidogo. Ila dawa za kufubaza zilipofika, vitamini za kipimo kikubwa zilijaribiwa tena hapo hapo Dar es Salaam kwa watu 3,418 waliokuwa wakianza dawa. Utafiti ulisimamishwa Machi 2009 kwa sababu vipimo vya ini vilipanda kwa waliopewa dozi kubwa, na hawakupona zaidi ya wenzao. Aliyepungukiwa anasaidiwa na kurudishiwa alichopungukiwa; kinachozidi hapo ini ndilo linalokihangaikia. Kwa hiyo msije mkarudi nyumbani mkakataza watoto matone ya vitamini A ya kliniki, wala wajawazito vidonge vya madini chuma na foliki. Hivyo vina sababu yake na vipimo vyake.

Kwa nini dozi kubwa zinafeli? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni kwamba mwili hutumia radikali kidogo kidogo kama ishara. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki 4. Mazoezi yaliwafanya waitikie insulini vizuri zaidi, isipokuwa wale waliokuwa wakimeza vitamini C na E kwa wingi. Kwao faida hiyo ilizimwa. Radikali za misuli ndizo zilizokuwa zinauambia mwili ujiimarishe. Mgonjwa wa kisukari anayetembea kila asubuhi kuelekea Raskazone kisha akarudi nyumbani kumeza dozi kubwa ya vitamini anaweza kuwa anaizima faida ya mwendo wake.

Sasa niwaambie habari ambayo inatuhusu sisi wa mkoa huu kuliko wengine, na ambayo naipenda kuliko zote.

Seli nyekundu ya damu haina mitokondria. Imebeba oksijeni mchana na usiku, imejaa chuma, na njia yake ya kuihuisha glutathioni yake ni moja tu, inayoanzia kwenye kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi G6PD. Wapo watu waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu. Wanaishi vizuri tu, mpaka siku inapoingia dawa inayozalisha vioksidishaji. Hapo seli nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi, macho yanakuwa manjano, damu inashuka. Hilo liligunduliwa Marekani mwaka 1956 kwa watu waliopewa primakwini ya malaria. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaume ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa wana X moja tu.

Mbona udhaifu huo umeenea hasa kwenye nchi za malaria? Mwaka 1961 Anthony Allison na David Clyde walichapisha utafiti wa watoto wa Tanganyika: wenye upungufu wa G6PD walikuwa na vimelea vichache kuliko wenzao. Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya seli nyekundu na chenyewe kinaongeza vioksidishaji humo. Kikiingia kwenye seli isiyo na kinga ya kutosha, seli inaharibika kabla hakijastawi. Mkazo wa oksidishaji, ambao kopo linauita adui, umekuwa ukiwasaidia watoto wa pwani hii kuishi. Hata artemisinini tunayoitumia leo katika dawa mseto inafanya kazi hivyo hivyo: chuma cha damu iliyoliwa na kimelea huivunja, zikatoka radikali zinazokiua kimelea.

Na somo lenyewe lilifika mpaka Muheza. Miaka ya mwisho wa tisini, dawa ya malaria iitwayo SP ilipoanza kushindwa, watoto wa Muheza ambao haikuwaponya walipewa mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, Dk. Theonest Mutabingwa na wenzake walitoa matokeo mwaka 2001, na wengi wa watoto hao walipona. Dawa ikasajiliwa. Lakini dapsoni ni kioksidishaji. Majaribio makubwa zaidi yalipofanyika Afrika, watoto wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu vibaya, na mwaka 2008 dawa hiyo ikaondolewa. Kwa kawaida upungufu wa aina yetu ya Kiafrika huzipiga seli nyekundu zilizozeeka na kuziacha changa, hivyo mtu mzima anaweza kuvuka salama. Mtoto ambaye malaria imeshampunguza damu hana akiba ya kuvukia. Ndiyo maana WHO, ilipopendekeza mwaka 2012 primakwini ya mara moja ili kuzuia maambukizi, iliweka dozi ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, ambayo hata mwenye upungufu anaweza kupewa bila kupimwa kwanza.

Kuna mahali antioksidanti inaokoa maisha wazi wazi, nako ni kwenye sumu ya paracetamol, hiyo tunayoiita panadol. Ikimezwa nyingi kupita kiasi, ini linatengeneza kemikali inayomaliza glutathioni yote, kisha kemikali hiyo inaanza kuliua ini. N-asetilisisteini inalipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza, ini karibu kila mara linapona. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa, na nyumbani watu wakasubiri. Msisubiri. Macho nayo yana kisa chao: kwa baadhi ya wazee wenye ugonjwa wa kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina, mchanganyiko maalumu wa vitamini na zinki umeonekana tangu 2001 kupunguza kasi yake. Angalieni mambo hayo yanavyofanana: ugonjwa mmoja, dozi inayojulikana, mgonjwa anayejulikana.

Niliulizwa kuhusu karafuu, kwa sababu Amani, kule Muheza, inalima viungo na muuzaji mmoja alikuja na orodha iliyoiweka karafuu karibu na kilele cha vyakula vyote. Orodha hiyo ilikuwepo kweli. Ilipima nguvu ya chakula kuzima radikali ndani ya chupa ya maabara, na Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye tovuti yake mwaka 2012 kwa kuwa makampuni yalikuwa yanaitumia vibaya na vipimo vile havionyeshi kinachotokea mwilini. Kemikali nyingi za viungo hunyonywa kidogo sana tumboni, na zilizoingia ini huzitoa upesi. Karafuu kwenye pilau ni tamu, na inatosha kuwa tamu.

Mama mmoja akauliza kuhusu machungwa ya Muheza kwa mwenye sukari. Nilimjibu: kula chungwa zima, na nyama zake, usikamue juisi. Glasi moja ya juisi ina sukari ya machungwa kadhaa na nyuzi zake zimetupwa. Vitamini C ya chungwa moja inakaribia mahitaji ya siku nzima. Ongeza mchicha, kisamvu, maharage na samaki. Mzee aliyekuwa karibu naye akataka kujua kama mlonge unaweza kuchukua nafasi ya dawa ya presha. Hapana, mzee wangu. Kama mboga, mlonge ni chakula kizuri. Presha inashushwa na dawa uliyoandikiwa, chumvi kidogo, na kupimwa.

Kijana mmoja mwenye mtoto mchanga ndiye aliyeuliza swali la mwisho, kwamba atajuaje kama mwanawe ana upungufu wa G6PD. Kipimo kipo kwenye baadhi ya hospitali, muulize daktari. Wakati huo, nguo za mtoto zisikae kabatini pamoja na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia mende na nondo. Mvuke wake unaweza kupasua damu ya mtoto mwenye upungufu. Kama mtu wa familia amewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, mtajie mhudumu kabla hajaandika dapsoni, primakwini au nitrofurantoini ya yutiai. Na ikitokea mkojo umebadilika baada ya kumeza dawa yoyote, acheni dawa hiyo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe pakiti yake. Jina la dawa liandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na kadi itolewe kila anapotibiwa, hata akiwa amekwenda kwa kikohozi tu.